Barabara ya miaka 20 inaharibika mwaka wa nne: hizi namba za dizaini zina maana gani?

Swali la msomaji: "Kaka shikamoo. Mimi ni injinia mchanga, nipo kampuni ya ushauri hapa Dar. Tumepewa barabara ya kilomita 7 pembezoni mwa Temeke, kuna yadi za makontena na machimbo ya mchanga, inavuka mabonde mawili. Bosi kaniambia weka reliabiliti asilimia 90, halafu kwa usalama ongeza sentimita 5 za lami juu. Nikauliza hiyo 90 inatoka wapi, nikajibiwa ndo kawaida. Hiyo 90 ni asilimia 90 ya nini? Na kwa nini barabara inadizainiwa miaka 20 halafu mwaka wa nne iko hoi, ina maana hesabu ni za uongo? Na hizo sentimita 5 zinasaidia kweli?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kitu ambacho kinatakiwa kiulizwe kwenye kila kikao cha dizaini na mara nyingi hakiulizwi, watu wanajaza tu namba wanasonga mbele. Nitajibu kwa urefu kidogo maana hayo maswali matatu yamefungamana.

Tuanze na hiyo miaka 20 kwanza. Barabara haidizainiwi kwa miaka, inadizainiwa kwa idadi ya ekseli. Tunachukua ekseli ya kawaida ya kilo 8,160, tunasema huu muundo utabeba ekseli kama hizo milioni kadhaa kabla haujachoka, basi. Miaka inakuja baadae, pale unapokisia hizo milioni zitafika lini. Kwa hiyo barabara iliyokufa mwaka wa nne inawezekana kabisa imekula umri wake wote kwa miaka minne, malori yamekuja mengi kuliko makisio au yamekuja mazito kuliko makisio, na hapo hesabu ya lami haikuwa ya uongo, kilichokosewa ni makisio ya mzigo. Inawezekana pia haikubeba hata robo ya ekseli zake, hapo sasa tunazungumzia maji, ushindiliaji, au mchanganyiko wa lami wenyewe. Hizi hali mbili zinafanana sana ukiwa umesimama barabarani unaangalia shimo, lakini dawa zake ni tofauti kabisa, na ndo maana mtu anayesema "wameiba saruji" au "wameweka lami nyembamba" bila kuhesabu malori wala kukata sampuli anabahatisha.

Sasa hiyo 90. Inatoka Marekani, kwenye mwongozo wa AASHTO (chama cha maofisa wa barabara na usafiri wa majimbo ya Marekani) wa 1986 ambao ulirekebishwa 1993, na wenyewe umejengwa juu ya jaribio kubwa lililofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Walijenga vipande vingi vya barabara vya unene tofauti, wakapitisha malori usiku na mchana, ekseli kama milioni 1.1 kwa kila barabara ya mzunguko waliyoijenga, wakaandika kipande gani kimedumu kiasi gani. Fomula tunayoitumia mpaka leo imetoka pale. Na jambo la kwanza walilokutana nalo ni kwamba vipande vilivyojengwa sawa kabisa, udongo mmoja, usimamizi wa hali ya juu, malori yanayojulikana uzito wake, bado havikufa siku moja. Kimoja kinawahi kingine kinachelewa, na tofauti si ndogo.

Huo mtawanyiko ndo umewekwa kwenye herufi So ndani ya fomula, na kwa lami watu wengi wanaweka 0.45, mwongozo unaruhusu kati ya 0.40 na 0.50. Sasa 0.45 ukiitazama inaonekana kitu kidogo, lakini kumbuka iko kwenye logi ya msingi wa 10. Ukiirudisha kwenye ekseli ni mara 2.8. Yaani ukihesabu barabara itabeba ekseli milioni 10, maana halisi ni kwamba kuna nafasi kama theluthi mbili itabeba kitu kati ya milioni 3.5 na milioni 28, na theluthi moja iliyobaki iko nje ya hapo. Hiyo ndo hali ya fani yetu mdogo wangu, na ni vizuri uijue mapema. Anayekuandikia kwenye ripoti kwamba barabara itadumu "miaka 20.4" amekuandikia kitu ambacho hakiwezekani kujulikana.

Kwa hiyo asilimia 90 maana yake ni hii: ukijenga vipande 100 kwa dizaini hii hii, kwa mtawanyiko huo, unategemea 90 vifike mwisho wa kipindi bila kushuka chini ya kiwango cha ubora ulichoweka, na 10 vishindwe njiani. Fomula inafanyaje? Inachukua mzigo wako inauzidisha. Kwa 50 haizidishi kitu, unadizaini kwa wastani na nusu ya vipande vyako vitakufa kabla ya muda. Kwa 75 inazidisha kama mara 2, kwa 85 mara 2.9, kwa 90 mara 3.8, kwa 95 mara 5.5, kwa 99 mara 11. Yaani ukiwa na ekseli milioni 12 halafu ukaandika 90, fomula kimyakimya inadizaini kwa milioni 45. Bosi wako hajakosea kuchagua 90, kwa barabara kuu za mjini mwongozo unaenda toka 80 mpaka 99, lakini angekuambia hivyo ungejua umeshanunua usalama kiasi gani kabla ya kuongeza mwingine.

Na kuna kitu hapa ambacho hata mainjinia wazoefu wanakipita. Hiyo 90 ni ya kipande, siyo ya barabara nzima. Barabara yako ni kilomita 7, ukiigawa vipande vya mita 500 unapata 14. Kama kila kimoja kina nafasi ya 0.9 ya kufika mwisho, na tuchukulie kila kimoja kina bahati yake mwenyewe, nafasi ya vyote 14 kufika salama ni 0.9 mara yenyewe mara 14, unapata kama 0.23. Chini ya robo! Kwa hali halisi siyo mbaya kiasi hicho maana malori ni yaleyale kwa vipande vyote, bahati zao zimeshikana, lakini unaona hoja. Mwananchi anayepita na daladala haangalii wastani, anaangalia pale palipobomoka, na kwake barabara nzima imeharibika. Ukweli ni kwamba kipande kimoja kikibomoka karibu na bonde ambalo halina njia ya kuchepuka, barabara nzima kweli imeharibika, kama inavyokuwa pale Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro mvua zikikolea, lami ya Kimara inaweza kuwa nzima kabisa na bado hupiti.

Twende kwenye malori, hapa ndo kuna sehemu kubwa ya kutokujua. Manuali yetu ya Tanzania ya dizaini ya barabara ya 1999 inabadilisha uzito wa ekseli kwa kugawa kwa 8,160 halafu unapandisha kwa kipeo cha 4.5. Ekseli ya tani 10, ambayo ndo kikomo cha sheria ya Afrika Mashariki kwa ekseli moja yenye matairi manne, inahesabika kama 2.5. Ekseli hiyohiyo ikibebeshwa tani 12 inahesabika 5.7. Umeongeza asilimia 20 ya mzigo, uharibifu umekuwa zaidi ya mara mbili. Ile ya tani 13 inagonga 8. Kwa hiyo tipa chache zilizojazwa mchanga mbichi mpaka unamwagika kwenye kona zinaweza kula barabara kuliko foleni nzima ya malori yaliyopakia kihalali, daladala na magari madogo usiyahesabu kabisa.

Sasa tuweke namba za mfano kwenye barabara yako. Tuseme malori 200 yaliyopakia kwa siku kwa upande mmoja. Ukikisia ukuaji wa asilimia 4 kwa mwaka, na kila lori ni sawa na ekseli 4 za kawaida, kwa miaka 20 unapata kama milioni 8.7, hiyo ni daraja la TLC 10 (TLC ni madaraja ya mzigo wa malori kwenye manuali, namba ni kikomo cha juu kwa milioni za ekseli). Badilisha ukuaji tu uwe asilimia 7, inafika milioni 12, umeingia TLC 20. Halafu ukagundua lori la wastani siyo 4 ni 8 kwa sababu ya mchanga, unapata milioni 24, uko TLC 50. Madaraja matatu tofauti, miundo mitatu tofauti, na hujagusa udongo bado. Idadi ya malori ni ileile 200. Ndo maana nikisoma ripoti ya dizaini jambo la kwanza natafuta ukurasa wa kupima ekseli, na nikikuta wameandika "makisio kutoka mradi wa jirani" huwa nasimama hapohapo.

Kwa hiyo mdogo wangu kabla hujagombana na mtu kuhusu sentimita 5, ulizia: malori yamepimwa? Yamepimwa siku ngapi, usiku walikuwepo? Malori ya mchanga ya huku kwetu mengi yanatembea alfajiri, ukipima saa tatu mpaka saa kumi umekosa wale wenyewe uliokuwa unawatafuta. Pima siku saba, mchana na usiku, pande zote mbili kila upande kivyake maana upande unaotoka machimbo na upande unaorudi mtupu havifanani hata kidogo, na ukichukua wastani wa pande mbili umedizaini upande mmoja kwa nusu ya mzigo wake. Na usitumie data za mizani ya barabara kuu kama Vigwaza kukisia barabara ya mtaani. Pale dereva anajua kuna mizani, anapakia akijua, huku kwako hamna mizani, anapakia kadri bodi inavyobeba.

Udongo nao una stori yake. Chukua mfano huu, vipimo kumi vya CBR (namba ya uimara wa udongo, kubwa ndo bora) vya sampuli zilizolowekwa: 8, 9, 12, 14, 15, 17, 18, 20, 22, 25. Wastani ni 16. Ukitumia wastani unasema sabugredi, yaani udongo wa chini kabisa unaobeba barabara, ni daraja la S15 (CBR 15 kwenda juu), unaruka tabaka la kuboresha, unaokoa hela. Lakini wastani maana yake karibu nusu ya barabara iko chini ya hapo. Ndo maana utaratibu wetu, na hata ule wa Waingereza wa Road Note 31, unachukua thamani ambayo vipimo 9 kati ya 10 vinaifikia au kuizidi. Hapa ni 9, siyo 16, kwa hiyo uko S7 (CBR 7 mpaka 14). Manuali ya 1999 ni ya katalogi, unachagua muundo kwenye jedwali, humo hamna mahali unapoandika 90 ya Wamarekani, sehemu kubwa ya tahadhari yake imekaa hapa, kwenye uchaguzi wa CBR.

Ila kabla hujachukua hiyo ya tisa kati ya kumi angalia kwanza hivyo vipimo vimetoka wapi. Kama 8 na 9 zote zimetoka kwenye bonde lako la pili na zilizobaki zimetoka kwenye mchanga wa mwinuko, hiyo siyo barabara moja ni barabara mbili, igawe. Bonde lidizainiwe kama bonde, na mwinuko kama mwinuko. Usipogawa unalipia kilomita 6 tabaka ambalo hazilihitaji, na baya zaidi bonde lenyewe bado linaweza kuwa dhaifu kuliko hiyo 9 kwa sababu ulichimba mashimo mawili tu pale. Hapa DCP, kifaa cha kupima udongo palepale saiti, ni rafiki mkubwa, ile nyundo ya kilo 8 inadondoka milimita 575, unahesabu koni imezama kiasi gani kwa kila pigo, vijana wawili wanapiga sehemu nyingi kwa siku moja kwa gharama ndogo, na unaona kabisa kwa macho pale ambapo koni inaanza kuzama sentimita kwa pigo wakati mita mia nyuma ilikuwa inazama milimita tatu. Mpaka wa vipande unaupata hapohapo. Andika na unyevu wa siku ile, maana DCP ya Septemba na DCP ya Aprili kwenye udongo mweusi wa bondeni ni kama umepima sehemu mbili tofauti.

Na maji ndo yanayobadilisha kila kitu. Kwenye fomula ya AASHTO uimara wa udongo umepandishwa kipeo cha 2.32. Ukipungua nusu kwa sababu umelowa, umri unabaki kama moja ya tano. Moja ya tano ya miaka 20 ni miaka 4, ukiweka pembeni ukuaji wa malori. Umeona huo mwaka wa nne ulioulizia unavyopatikana bila mtu kuiba chochote? Ukitembea kwenye barabara zetu nyingi za mitaa baada ya masika utaona mtaro umejaa mchanga na chupa za maji, mbele kidogo mtu kajenga ngazi ya fremu ya duka juu ya mtaro, kalavati limeziba mdomo nusu, maji yamekaa pembeni ya bega la barabara wiki mbili yakinywewa taratibu na tabaka la chini. Juu lami inang'aa tu. Kisha lori la kwanza zito linapita, lami inapinda kidogo kuliko ilivyotakiwa, ufa mwembamba kama unywele unatokea kwenye njia ya tairi, maji sasa yanaingia toka juu pia, na kuanzia hapo ni haraka sana. Mtaro siyo pambo la pembeni, uko ndani ya hesabu ya umri wa barabara.

Unene nitaupitia kwa kifupi. Sampuli za lami zilizokatwa kwa dizaini ya milimita 50 zinaweza kukupa wastani wa 49, kila mtu akafurahi, kumbe ndani kuna 41 na kuna 55. Ile 55 haiisaidii ile 41. Na umri unapanda na kushuka vibaya sana na unene, kwenye muundo wenye SN ya 4 hivi (SN ni namba ya AASHTO inayojumlisha nguvu ya tabaka zote) ukipunguza nguvu ya muundo kwa asilimia 10 umri unapungua karibu nusu. Kwa hiyo msimamizi wa saiti asiangalie wastani peke yake, aangalie na ile ndogo kuliko zote iko wapi, hasa kama iko bondeni au kwenye kituo cha daladala.

Sasa sentimita 5 za bosi. Hapa nitasema wazi maana hii tabia inaumiza bajeti za nchi. Mtu wa trafiki anakisia ukuaji mkubwa kidogo kwa usalama. Mtu wa maabara anachukua CBR ya chini kwa usalama. Mdizaini anaandika 90 kwa usalama. Bosi anaongeza sentimita 5 kwa usalama. Ni kama chungu ambacho kila anayepita jikoni anatia chumvi bila kuuliza nani ameshatia. Mwongozo wa AASHTO unasema kabisa ukitumia reliabiliti, data zako ziwe za wastani, za kweli, usizipunguze wala kuzikuza, kwa sababu ile Z (namba inayotokana na reliabiliti uliyochagua) na So ndo zimebeba tahadhari yote. Ukipunguza CBR halafu ukaandika 90 umelipa mara mbili na hujui umelipa kiasi gani.

Tuhesabu. Chukua muundo ambao kwa 50 ungehitaji SN ya 4. Kwa 90 unahitaji kama 4.75 au zaidi kidogo. Ukiongeza sentimita 5 za lami kwa mgawo wa kawaida wa 0.44 kwa inchi, unaongeza kama 0.87, unafika 5.6. Umri wa hesabu unazidi tena kama mara 3.3. Ukizidisha na ile 3.8 ya kwanza umefika mara 12 ya wastani, yaani bosi wako bila kujua ametoka 90 kwenda 99. Labda ndo anachotaka, kuna barabara zinastahili 99, lakini barabara ya kilomita 7 kwenda yadi? Hizo sentimita 5 kwa kilomita 7 ni lami nyingi sana, na hela hiyohiyo huenda ingetosha kujenga mitaro ya zege na kuinua tuta kwenye mabonde yote mawili na bado ukapima malori vizuri kabisa.

Halafu kuna tatizo la pili, baya kuliko hela. Sentimita 5 zinasaidia kama barabara inakufa kwa kuchoka, yaani nyufa kutoka chini na udongo kubonyea. Hazisaidii kama inakufa kwa lami yenyewe kusukumika. Nenda pale malori yanapopanga foleni kabla ya mizani au yanapopanda mlima taratibu, angalia ile mibonyeo miwili mirefu ya matairi na lami iliyosukumwa ikavimba pembeni. Hiyo siyo udongo, ni mchanganyiko wa lami kushindwa na joto pamoja na lori zito linalotembea polepole. Ukiongeza unene wa mchanganyiko uleule umeongeza kitu cha kusukumwa. Pale dawa ni kokoto zilizopangiliwa vizuri, bitumeni ngumu zaidi, hewa isiyoshuka chini sana baada ya malori kushindilia. Fomula ya 1993 haikuambii chochote kuhusu hili, kigezo chake kikuu ni barabara kushuka ubora wa kupitika kwa ujumla. Kwa hiyo asilimia 90 yako ni ya aina moja ya kifo, aina nyingine haziko kwenye hiyo namba.

Hii inanipeleka kwenye kitu ninachoona ni muhimu kuliko vyote. Kuna kutokujua kwa aina mbili na dawa zake hazifanani. Kuna mtawanyiko wa kawaida, udongo unatofautiana, unene unatofautiana, hata ukipima mara elfu utabaki hivyo, huo unaubeba kwa reliabiliti. Na kuna ujinga unaotibika, hujui malori yana uzito gani kwa sababu hujapima, hujui bonde likilowa linakuwaje kwa sababu umepima kiangazi, hujui fomula ya Illinois inafaa kwa Temeke kwa sababu huna data za ufuatiliaji wa barabara zetu. Illinois walikuwa na udongo mmoja wa mfinyanzi, baridi inayogandisha ardhi, miaka miwili tu ya malori, matairi ya zama zile yenye upepo mdogo kuliko haya ya sasa. Ujinga wa aina hii huubebi kwa lami, unautoa kwa kupima, na kupima ni bei ndogo sana ukilinganisha na lami.

Njia mpya za Wamarekani, ile ya kimekanika iliyotoka 2004, zinajaribu kutenganisha nyufa, mibonyeo na mparuzo (uso wa barabara kutokuwa laini) kila kimoja na uhakika wake, ni hatua nzuri, ila bila kuzirekebisha kwa data za kwako zinakupa namba nzuri za mahali pengine. Hata HDM-4, programu ya kukadiria uchakavu na gharama za barabara, ni hivyohivyo, ina vigezo vya kurekebisha na watu wengi wanaviacha vyote 1.

Kitu unachoweza kufanya wewe wiki hii kwenye laptopu yako bila programu ya gharama: fungua Excel, weka mstari mmoja wa hesabu ya umri, halafu badala ya namba moja kwa kila kigezo weka mtawanyiko. Ukuaji wa trafiki kati ya 3 na 9, uzito wa lori kati ya 4 na 9, udongo kulingana na DCP zako, unene na mtawanyiko wa asilimia 7 hadi 10. Iache Excel ichague namba kwa bahati nasibu mara 5,000, hesabu ni mara ngapi barabara imekufa kabla ya mwaka wa 20, na mara ngapi kabla ya wa 8. Kuwa makini na kitu kimoja, usiweke tena So ya 0.45 nzima juu yake, maana ndani ya hiyo 0.45 mtawanyiko wa trafiki na udongo tayari umo, utarudi kwenye chumvi mara mbili. Halafu shika kigezo kimoja kimoja ukifunge kwenye wastani uone matokeo yanatulia kiasi gani. Ninategemea utakuta ukifunga uzito wa malori mtawanyiko unapungua sana, na ukifunga unene haupungui sana. Hiyo karatasi moja mpelekee bosi. Bosi mwenye busara akiona picha ile hatabisha, atauliza kupima kunagharimu kiasi gani.

Na mpe chaguo la kujenga kwa awamu. Dizaini kwa miaka 10, lakini tabaka za chini na mitaro vijengwe kwa nguvu ya 20, kisha mwaka wa 6 au 7 pimeni kwa mashine ya kuangusha uzito, muone lami inapinda kiasi gani, na hapo ndo muamue kama ni sentimita 4 au 7 au hakuna. Uamuzi wa unene unaufanya ukiwa na data za malori ya kweli badala ya makisio ya leo. Napenda njia hii kwa mabonde hasa. Hatari yake ni moja nayo ni kubwa, hela ya awamu ya pili isipokuja kwa wakati barabara inakufa kabla ya kuongezwa, kwa hiyo kabla ya kuipendekeza uliza mwenye barabara kama hilo fungu litakuwepo kwenye mpango wake wa matengenezo, na liandikwe kwenye ripoti kwa tarakimu.

Kwa barabara yako basi ningefanya hivi: kilomita za mwinuko reliabiliti 85 kwa data za wastani zilizopimwa kweli, bila sentimita 5. Mabonde yote mawili 95, tuta liinuliwe, mitaro ijengwe kwa zege. Kuanzia geti la yadi mpaka ilipo barabara kuu, pale malori yanapotembea taratibu na kusimama, mchanganyiko wa lami utofautishwe kabisa na kwingine. Na lile bonde la pili usikubali lisainiwe kwa vipimo vya Septemba, subirini DCP ya Aprili hata kama mkataba unabana, maana kama udongo pale unapoteza nusu ya nguvu yake ukilowa, hakuna unene wa lami mtakaouweka juu utakaolipa hiyo.

Ukimaliza kupima malori nitumie jedwali la ekseli, nataka kuona hizo za alfajiri.